Homu thieta yako kwa ajili ya muziki: ubaki nayo, au uchukue risiva, ampu ya stereo, spika zenye ampu ndani au saundibaa?

Wadau, sebule nyingi sana hapa Bongo zina zile homu thieta za boksi moja, vispika vitano na sabufa moja, Sony DAV, LG LHD, Samsung na wenzao. Watu walizinunua kwa ajili ya muvi na kwenye muvi zinajitahidi kwelikweli. Ila siku hizi muvi wengi wanaangalia kwenye simu, sebuleni kinachopigwa zaidi ni muziki, na hapo ndo malalamiko yanapoanza. Unaweka Sikinde au Msondo, besi inadunda kona moja peke yake, sauti ya mwimbaji nyembamba, magitaa yaliyotakiwa yajibizane yamegeuka mchakacho mmoja, ukiongeza sauti masikio yanauma kabla chumba hakijajaa muziki. Mtu anauliza abadilishe nini, anajibiwa "chukua yenye wati nyingi". Hapana jamani. Ngoja tuziweke njia zote pamoja tuzilinganishe, na nitasema wazi ipi naipendelea na inamfaa nani.

Msimamo wangu nauweka mapema: kwa muziki, spika mbili nzuri zinazishinda spika tano ndogo, tena kwa mbali. Muziki karibu wote tunaousikiliza umetengenezwa kwa chaneli mbili, kushoto na kulia. Hela ile ile ukiigawa kwa spika tano na sabufa na deki ya DVD na redio na remoti, kila kimoja kinapata kidogo. Ukiiweka kwenye spika mbili unapata spika kweli.

Kwanini homu thieta ya boksi inashindwa kwenye muziki

Hapa nitakaa kidogo maana ukielewa hiki huwezi kudanganywa dukani. Kale kaspika ka mbele kana wufa (ile koni ya sauti nzito) ya inchi tatu au chini ya hapo, na mara nyingi hakana hata twita (kale kadogo ka sauti nyembamba za juu), ni kawufa hako hako kanafanya kila kitu. Kitu kidogo hivyo hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha chini ya kama 150 Hz au 200 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito), kwahiyo mtengenezaji anachofanya ni kuikata sauti hapo, ya chini yote anaitupia sabufa. Sasa angalia nini kipo huko chini. Sauti ya mwanaume inaanzia kwenye 85 Hz hadi 180 Hz hivi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ni 82 Hz, wa gitaa la besi ni 41 Hz. Yani kifua cha mwimbaji kinatoka kwenye sabufa iliyofichwa nyuma ya mlango na mdomo wake unatoka kwenye vispika vilivyo pembeni ya TV, halafu unashangaa mbona sauti haina uzito. Taarab ndo inaumia zaidi, fidla uzi wake wa chini kabisa ni 196 Hz, umekaa palepale kwenye mshono kati ya sabufa na vispika, na hapo kwenye mshono ndipo homu thieta ya boksi ilipo dhaifu kuliko popote.

Alafu wati. Boksi limeandikwa 1000W kwa herufi kubwa, kwenye kitabu kwa herufi ndogo utakuta namba hiyo imepimwa sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10, hapo ni makelele sio muziki. Geuza mashine nyuma usome kibandiko cha umeme inaotumia, utakuta namba ndogo kuliko ile ya mbele, na hakuna ampu (ile sehemu inayokuza sauti na kuendesha spika) inayoweza kutoa nguvu kubwa kuliko inayoingia ikaendelea kuitoa hivyo mfululizo. Zile sabufa zilizoandikwa PMPO maelfu kwa maelfu ndo usizihesabu kabisa, hiyo namba haina kipimo cha maana. Na hata wati za kweli ukizizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unaisikia lakini haikushtui. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Kwahiyo kutoka wati 50 kwenda 80 kwa spika zile zile hakuna ulichobadilisha.

Njia ya kwanza: ubaki na ulichonacho ukitengeneze

Hii haina gharama na naomba kila mtu aifanye kwanza kabla hajatoa hata shilingi, kwasababu mipangilio hii utaihitaji hata ukija kununua mashine nyingine.

Zima saraundi ya kubuni, zile "hall", "stadium", "mega bass", sijui nini, tafuta hali ya stereo ya kawaida au ile inayopitisha sauti bila kuigusa. Toa vispika viwili vya mbele huko juu ukutani, vishushe viwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, viachane kiasi cha umbali ule ule uliopo kutoka kwenye spika hadi kwenye kochi lako, mkae pembetatu. Sabufa itoe nyuma ya mlango uilete mbele kati ya vispika viwili au karibu yake, kisha ipunguze. Watu wengi sabufa wameifungulia kupita kiasi na ndo inayofunika sauti ya mtu. Ipunguze mpaka usijue iko wapi.

Ukifanya hayo utapata mwimbaji aliyesimama katikati badala ya kila kona, na besi iliyoungana na muziki. Usichopata ni uzito wa sauti ya mwanaume na usafi wa magitaa, maana wufa ya inchi tatu itabaki kuwa inchi tatu.

Na hapa kuna mtego watu wengi wanaingia, wa kununua spika nzuri na kuzichomeka kwenye boksi lile lile. Inaonekana akili kabisa, lakini angalia. Ampu za boksi hizi nyingi zimetengenezwa kwa spika za omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), ukiweka spika ya omu 8 haitaungua ila nguvu inashuka hadi nusu au chini ya hapo. Soketi zake nyingi ni za umbo lake la kipekee, fundi itabidi akate waya. Na kubwa zaidi, ampu yenyewe imeshakata sauti ya chini kabla haijafika kwenye soketi za spika za mbele, kwahiyo spika yako mpya yenye wufa ya inchi 5 au 6 haipewi besi hata kidogo, inapewa chakula cha kaspika kale kale. Utasikia twita imekuwa safi, basi. Kama ni boksi, libaki na spika zake.

Saundibaa, na sabufa za mtaani

Nazipitisha haraka. Saundibaa kwa TV ni nzuri, maneno ya taarifa ya habari na tamthilia yanasikika, waya ni moja, mama hakasiriki na mawaya sebuleni. Kwa muziki spika zake za kushoto na kulia zimekaa kwenye ubao mmoja mwembamba chini ya TV, upana wa stereo hautoshi, wufa ni zile zile ndogo au ndogo zaidi, na tunarudi kwenye sabufa kuimba sehemu ya sauti ya mtu. Kutoka homu thieta kwenda saundibaa ya bei ile ile sio kupanda, ni kusogea pembeni, na kama unapenda muziki kweli unaweza kujikuta umeshuka.

Sabufa za mtaani zile za spika mbili au tatu na boksi kubwa lenye taa, ugonjwa ni ule ule. Kwa sherehe ya uani zinafaa. Kwa kukaa na kusikiliza, hapana.

Risiva na spika mbili, dhidi ya ampu ya stereo na spika mbili

Hapa sasa ndo pazuri na ndo watu wanapobishana sana.

Risiva ya AV ni lile boksi kubwa lenye HDMI na soketi za spika tano au saba nyuma, Yamaha RX-V, Denon AVR, Onkyo, Pioneer VSX, Sony STR. Ampu ya stereo ni ile ya chaneli mbili tu, kushoto na kulia, mfano Yamaha A-S201 na A-S301, Denon PMA, na zile nzito za zamani za Kijapani, Sansui, Kenwood, Technics, Pioneer. Zote mbili zinaendesha spika za kawaida za waya mwekundu na mweusi, za omu 6 au 8, kwahiyo spika utakazonunua leo zitakufaa miaka yote hata ukibadilisha mashine. Hilo peke yake linatosha kukutoa kwenye boksi.

Risiva inashinda wapi. Kwanza inajua kugawa besi, unaweza kuiambia spika za mbele zikate 80 Hz kushuka chini na besi iende kwenye sabufa, na 80 Hz ni pazuri kwasababu sauti ya mtu karibu yote inabaki kwenye spika zako, sio kama boksi linalokata 200. Pili inapima chumba, Denon na Marantz wana Audyssey, Yamaha wana YPAO, Pioneer wana MCACC, unachomeka kimaiki kinapiga kelele za majaribio chenyewe kinarekebisha umbali na ukali wa kila spika. Kwenye chumba chenye shida kinasaidia kweli, ila baada ya kumaliza pitia namba zake kwa jicho lako, wakati mwingine kinaona spika zako ni kubwa zenye besi yote wakati si hivyo, na hapo unabadilisha wewe mwenyewe. Tatu TV inaingia kwa waya mmoja. Nne, ukija kupata hela mwakani unaongeza spika ya katikati, baadaye za nyuma, muvi zinarudi.

Ampu ya stereo inashinda wapi. Urahisi. Unawasha, unachagua, unaongeza sauti, mtoto wa miaka mitano anaweza na babu anaweza. Haina bodi za video ndani, na bodi hizo za HDMI ndo zinakufa mara nyingi kwenye risiva zinazokaa sehemu zenye umeme wa kupandapanda, kwahiyo ampu ya stereo inaishi muda mrefu na fundi wa mtaani anaiweza. Na bei ikiwa sawa, hela kubwa imeenda kwenye sehemu ya kukuza sauti badala ya kulipia leseni za Dolby na DTS (mifumo ya sauti za muvi) na menyu.

Kuhusu sauti yenyewe, hapa nitawaudhi baadhi. Ukichukua risiva nzuri ya kampuni inayoeleweka, ukaiweka kwenye hali yake ya moja kwa moja, Yamaha na Denon wanaiita Direct au Pure Direct, ukaiunga na spika zile zile mbili kwa sauti isiyo kubwa kupita kiasi, tofauti yake na ampu ya stereo ya daraja lake ni ndogo sana. Tofauti ipo kwenye spika. Kwahiyo usilipe mara mbili ya hela kwa ajili ya ampu huku spika umechukua za kubahatisha. Mi katika kila shilingi kumi ningepeleka sita au saba kwenye spika.

Sasa siri ambayo wauzaji hawapendi kuisema. Risiva za zamani, za kabla ya 2013, nyingi hazipitishi picha za 4K, HDMI yake ni ya kizazi cha nyuma, na kwasababu hiyo mwenye TV mpya anaiuza kwa bei ya kutupa. Wewe unayetaka muziki hiyo 4K haikuhusu. King'amuzi na deki unazichomeka kwenye TV moja kwa moja, kutoka TV unaleta sauti kwenye risiva kwa ule waya wa mwanga, optiko, basi. Ampu iliyopo ndani ni nzito na imara, mara nyingi kuliko ya risiva mpya za bei ya chini. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo sijaona njia inayompa muziki mwingi kwa hela kidogo kuliko risiva ya mtumba ya aina hii na spika mbili za kueleweka.

Ila ukinunua mtumba kuwa makini. Iwashe dukani ikae nusu saa, isikilize inapopata joto, zungusha kitufe cha sauti taratibu usikie kama inakwaruza, jaribu kila soketi ya spika, jaribu optiko, jaribu HDMI kama utaitumia. Ikizima yenyewe ukiongeza sauti achana nayo. Na kwa mzigo wa Kijapani, ambao Zanzibar na Dar upo kwa wingi, soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka popote. Japani umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Mashine ya volti 100 ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme inaungua hapo hapo, na ya Marekani ya volti 120 vilevile. Transfoma iwe na uwezo mkubwa kuliko umeme ulioandikwa kwenye mashine, na bei yake uiingize kwenye hesabu kabla hujasema umepata ya bei chee.

Spika za mtumba nazo, fungua kitambaa cha mbele uguse ile ringi inayozunguka wufa. Za sponji zinaoza, na kwa joto na unyevu wa Pwani zinawahi zaidi, ukigusa zinabaki vidoleni. Ya mpira inadumu. Sponji iliyooza fundi anaweza kubadilisha lakini iwe sababu ya kushusha bei.

Jambo la mwisho hapa, sabufa ya homu thieta yako ya zamani huwezi kuichomeka kwenye risiva. Ile haina ampu ndani, ilikuwa inaendeshwa na boksi, na risiva inatoa ishara tu ya sabufa, inataka sabufa yenye ampu yake. Vile vispika vya omu 3 navyo usiviweke kwenye risiva iliyoandikwa omu 6 kwenda juu, itapata joto na kujizima au kuungua. Uza seti nzima kwa mtu anayetaka muvi, inauzika.

Spika zenye ampu ndani

Hizi kwa upande wangu ndo jibu la watu wengi zaidi, hasa mnaopanga chumba kimoja au chumba na sebule. Spika mbili, ampu ipo ndani ya spika, unachomeka umeme, unachomeka simu au TV, kwisha. Hakuna risiva, hakuna kuhangaika omu ngapi, mtengenezaji ameshaoanisha ampu na spika.

Kuna familia mbili. Ya kwanza ni za nyumbani, mfano maarufu ni Edifier R1280DB, wufa ya inchi 4, twita yake, wati 42 za kweli kwa zote mbili, ina blututhi, ina optiko kwa ajili ya TV, ina remoti. Soma hizo wati 42 alafu kumbuka homu thieta ya 1000W, na kwenye chumba cha kawaida hizi 42 zitakupa sauti ya mtu iliyo kamili zaidi, maana wufa ya inchi 4 ikiwa kwenye boksi la mbao lenye tundu la hewa inashuka mpaka sauti ya mwanaume yote iko ndani. Gitaa la besi utalisikia, ule mtikisiko wa chini kabisa wa amapiano hautaupata wote. Toleo lake la R1280DBs lina soketi ya kuongeza sabufa baadaye.

Familia ya pili ni spika za studio, JBL 305P MkII, Yamaha HS5, KRK Rokit 5, wufa za inchi 5. Hizi ziko kwenye studio nyingi za Bongo fleva na ukienda maduka ya vifaa vya muziki utazikuta, na mtumba wake upo kwasababu maprodyuza wanabadilisha. JBL 305P inashuka mpaka 43 Hz, ambapo kwa inchi 5 ni chini sana, na kila spika ina ampu mbili, moja ya wufa moja ya twita. Kwa usafi wa sauti kwa bei yake sijui mshindani. Lakini hazina remoti, hazina blututhi, kila moja ina waya wake wa umeme, kitufe cha sauti kiko nyuma kwa kila spika, na waya zake ni zile kubwa za studio, itabidi ununue waya wa kubadilisha kutoka simu au kompyuta, na baadhi zina kakelele ka "shhh" ukiwa karibu bila muziki. Zimetengenezwa kusikilizwa mita moja au moja na nusu, kwahiyo kwa sebule kubwa ya watu kumi sio zenyewe. Kwa mtu anayekaa mwenyewe usiku kusikiliza, ziko peke yake.

Ubaya wa njia hii yote ni kwamba haipanuki. Muvi zako zitabaki stereo. Na ampu ikifa, spika imekufa nayo mpaka fundi aifungue.

Wimbo mmoja kwenye zote

Chukua rekodi ya dansi, yenye gitaa la solo, la pili, la ridhim na la besi, matarumbeta nyuma. Kwenye homu thieta ya boksi unasikia solo na tarumbeta, ridhim haipo, besi ni mdundo usio na noti, yani huwezi kuuimba. Kwenye saundibaa ni hivyo hivyo ila waimbaji wamesogea mbele. Kwenye spika za Edifier magitaa yanaachana, besi unaweza kuiimba noti kwa noti, ukiongeza sana sauti inabanwa. Kwenye spika za studio unasikia mpaka vidole vikiteleza kwenye nyuzi, na rekodi mbovu inaonekana ubovu wake wote bila huruma. Kwenye risiva au ampu ya stereo na spika za inchi 5 au 6, kama Wharfedale Diamond, JBL Stage, ELAC Debut au mtumba wa daraja hilo, unapata karibu usafi huo pamoja na uzito, na chumba kizima kinasikia, sio kiti kimoja.

Na hapa kuna jaribio zuri. Rekodi nyingi za zamani za Redio Tanzania ni mono, chaneli moja. Watu wanadhani mono ni hasara, kumbe ndo kipimo. Ukiipiga kwenye spika mbili zilizopangwa vizuri, sauti ya mwimbaji inatokea katikati kabisa, mahali pasipo na spika. Ikiegemea upande mmoja kuna spika iko karibu na ukuta au mbali kuliko mwenzake. Ikiwa imetawanyika huijui iko wapi na besi imepotea, basi umegeuza waya mwekundu na mweusi kwenye spika moja, zima mashine uurekebishe.

Chumba na simu yako vinaweza kuharibu vyote

Nyumba zetu sakafu tailizi, ukuta tofali na plasta, dari gipsam, madirisha ya aluminiamu au luva. Sauti inagonga inarudi. Spika ya milioni kwenye chumba kitupu chenye tailizi itapiga makelele kuliko spika ya laki tatu kwenye chumba chenye zulia, kochi la kitambaa na pazia zito. Weka mkeka mnene au zulia kati yako na spika, sogeza spika mbali na kona angalau urefu wa mkono, usizipachike ndani ya kabati la TV, na kabati la vyombo lenye vioo likianza kutetemeka usilaumu sabufa, bana vioo. Stendi fundi seremala wa mtaani anakutengenezea, mradi twita ije usawa wa sikio.

Upande wa simu, faili la wimbo lililozunguka WhatsApp na fleshi ya gesti mpaka limechoka halitengenezwi na spika yoyote, spika nzuri inalionyesha tu lilivyo. CD ni kilobiti 1411 kwa sekunde. Blututhi inaibana sauti kabla ya kuirusha, njia ya kawaida inayoitwa SBC inafika kama 328, LDAC ya Sony inaweza kufika 990 kama simu na spika zote zinayo. Spotify ya kulipia kwa miaka mingi ilikuwa inaishia 320, mpaka 2025 walipoanza kutoa nyimbo zisizopunguzwa kwenye baadhi ya nchi, Apple Music tangu 2021 wanatoa nyimbo zisizopunguzwa bila kuongeza bei. Mi ningesema 320 kwa waya inakutosha kabisa kwa mashine zote nilizotaja, tofauti ya hapo kwenda juu ni ndogo kuliko tofauti ya kusogeza spika nusu mita. Kama simu haina tundu la waya, kale kakiungo ka USB-C ka Apple ni bei ndogo na kanatoa sauti safi kushinda blututhi nyingi, ila kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake inakuwa ndogo.

Sasa wewe uchukue ipi

Unapanga chumba kimoja, ukuta mmoja na jirani, unasikiliza mwenyewe: spika zenye ampu ndani, na sabufa acha kabisa, besi inapita ukuta na jirani hajalipa kodi asikilize nyimbo zako. Una familia, jumamosi muvi na jumapili muziki: risiva ya zamani na spika mbili nzuri sasa hivi, sabufa yenye ampu baadaye, ya katikati baadaye zaidi, na usinunue zote tano kwa mpigo eti zimekamilika. Wewe ni wa muziki tu na TV haikuhusu, una CD zako na labda santuri za mzee: ampu ya stereo, na kama ni santuri hakikisha ina soketi ya PHONO maana sio zote zinayo. Hela haipo kabisa mwezi huu: baki na boksi, lipange kama nilivyosema juu, weka akiba ya spika. Na kama wazee nyumbani shida yao ni kusikia maneno ya taarifa ya habari tu, hapo ndo saundibaa inafaa, wachukulie.

Popote unapoishi, umeme wetu unajulikana, weka kinga ya umeme ya kueleweka kabla ya mashine, na radi zikianza chomoa.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, nenda na nyimbo zako mwenyewe unazozijua, moja ya sauti ya mwanaume na gitaa, moja ya taarab yenye fidla, moja yenye besi nzito. Kataa ile fleshi ya muuzaji ya kudunda. Na unapolinganisha mbili mwambie azipige kwa sauti sawa, zote kiasi cha mtu kuongea juu yake bila kupaza, kwasababu ile iliyozidishwa hata kidogo tu sikio linaiona bora na wauzaji wanalijua hilo. Sikiliza kwanza sauti ya mtu. Ikisikika kama mtu yuko hapo dukani anaimba, ndipo uanze kuulizia besi na bei.